Miaka Elfu na Saramma

Jumatatu, 9 Februari 1953
Nimeota tena. Wingu jeupe, mimi na Saramma juu yake, tunakula apam, vile vibibi vya mchele, kwa mchuzi wa bata. Lazima nimwoe! Baba yake, Mwinjilisti Ouseph, huhubiri kwamba Kristo atarudi kwanza, ndipo atawale miaka elfu duniani. Kesho namwambia naamini vivyo hivyo. Kazi rahisi.

Jumanne, 10 Februari
Nilimkuta kwenye banda la mkutano wa injili wa wiki hii, kule mchangani mtoni, akitundika chati yake ya nyakati za mwisho. Nikasema Bwana yu mlangoni. Akanikumbatia. Nikatoa posa. Akashangaa: Bwana anakuja kabla ya mvua za Juni, harusi ya nini tena? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia kichwa kwanza.

Alhamisi, 12 Februari
Nimebadilika. Sasa naamini injili itaitengeneza dunia polepole, miaka elfu ya amani, ndipo Kristo aje. Muda tele wa kuoa! Ouseph akasikiliza kwa upole. Akasema kama iko miaka elfu, mwanangu, haraka ya nini? Kuruvilla, fundi wa makuti, alikuwa juu ya paa akicheka hadi akaangusha kisu. Mjinga yule! Nilimwuliza msimamo wake kuhusu miaka elfu, akasema yeye anaezeka tu.

Jumamosi, 14 Februari
Silaha ya mwisho. Padri wetu hufundisha kwamba miaka elfu ni mfano tu. Kristo anatawala sasa, ufalme tumo ndani yake. Mto ulikuwa umetulia, umejaa mawingu. Nikauona ufalme kweli, machozi yakanilengalenga. Nikamweleza Ouseph. Akanikumbusha kwamba huko hakuna kuoa wala kuolewa. Kama nimeshafika, hongera, Pothan, nikae hivyo hivyo.

Jumapili, 15 Februari
Mkutano umekwisha. Saramma ameposwa. Na Kuruvilla! Nilimkuta Saramma akikunja mikeka, nikamwuliza imewezekanaje, mtu asiyejua kama Bwana anakuja kabla au baada? Akasema Kuruvilla alimwuliza yeye mwenyewe kama anamtaka, naye akamwambia baba yake ndiyo, basi. Halafu akanitazama kwa huruma: mbona wewe, kaka Pothan, hukuniuliza hata siku moja?

Moyo umeniuma sana. Nimetembea ukingoni mwa mto nikilitafakari. Swali zito. Kesho asubuhi nakwenda kumwuliza baba yake lina maana gani.