Milimita Mbili Kabla ya Juu

Jumatatu, 4 Machi

Dada mkubwa kapiga simu. Anakuja Jumapili baada ya ibada. Pikipiki ya marehemu Baba ikiwaka, inabaki kwangu. Isipowaka, anaipakia garini na kwenda nayo kwake, maana anasema kwangu imegeuka kiota cha kuku. Uzushi! Ni kuku mmoja tu, na kataga mara mbili tu.

Nimemwambia aje bila wasiwasi. Inahitaji kupanguswa vumbi.

Hapa nitasema kweli, kwa kuwa daftari halina mdomo. Pikipiki ilikuwa inawaka. Aliyeizima ni mimi. Mwezi uliopita niliifungua ubavuni nisafishe platini, vile vyuma viwili vidogo ambavyo vikiachana, plagi inatoa cheche. Nikalegeza sahani inayovishika. Sikuweka alama mahali ilipokuwa. Nikaisugua ikang'aa kama kijiko cha wageni. Kuirudisha, sijui ilikaaje. Tangu siku hiyo cheche inatoka inapojisikia.

Siku sita. Kwa uwezo wa Mungu, naweza.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata daftari la Baba! Lilikuwa nyuma ya kabati. Mwandiko wake ule ule wa kulalia upande: cheche itoke pistoni ikibakiza milimita mbili kufika juu kabisa. Nimelibusu.

Nimetoa plagi na kuchomeka kwenye tundu lake sindano ya kufumia ya mama watoto. Pistoni ikipanda, sindano inapanda. Nimeichora mistari kwa wino, milimita kwa milimita. Mama watoto kauliza sweta yangu itaishaje na sindano moja. Nikasema sweta itasubiri. Kanitazama kidogo, kaenda kazini kwa miguu, na goti lake lile. Roho imeniuma. Nimeweka nadhiri: Jumatatu ijayo atapanda nyuma yangu kama malkia.

Jirani kachungulia juu ya ukuta. Ni fundi wa pikipiki. Watu wanamwita Sikio, kwa kuwa injini ikinguruma tu anakutajia ugonjwa wake. Kasema, mzee, nije na saa yangu ya kupimia pistoni? Dakika kumi tumemaliza. Nikamshukuru, nikasema sindano inatosha. Kauliza natengeneza pikipiki au naifuma. Kacheka peke yake mpaka kakohoa.

Nimemsamehe. Mara mbili, maana ya kwanza haikushika.

Alhamisi, 7 Machi

Vikwazo viwili, na vyote nimevishinda.

Cha kwanza. Ili kujua platini zinaachana lini, unabana karatasi nyembamba katikati yake na kuivuta taratibu. Ikiachiwa tu, ndipo hapo. Baba alitumia karatasi ya kusokotea sigara. Mimi sivuti, ni mwimbaji wa besi kanisani, na mke wa mchungaji anapita dukani saa zote. Nimechana ukurasa wa mwisho wa kitabu changu cha nyimbo. Ulikuwa mtupu, hata nambari hauna. Niliomba radhi kwanza, nikachana baadaye. Utaratibu ni muhimu.

Cha pili ni mgongo. Gurudumu la sumaku, linalozungusha mambo yote, liko chini, na mimi nikiinama siinuki bila msaada. Basi nimechukua kioo cha kujitazamia cha mama watoto, nikakiegemeza kwenye tofali. Nimekaa juu ya kigoda, mgongo umenyooka, naona kila kitu. Sijui kwa nini mafundi hawajawahi kufikiria jambo jepesi hivi.

Ijumaa, 8 Machi

Gurudumu lina mshale unaoonyesha linazungukia upande gani. Kwenye kioo unaelekea kushoto, waziwazi. Nimelizungusha kushoto kwangu, macho kwenye sindano. Sindano imepanda. Milimita mbili kabla ya juu, nimevuta karatasi: imeachia! Nimekaza sahani. Nimerudia mara saba, moja kwa kila siku ya uumbaji.

Nimepiga kiki. Imenirudishia teke la ugoko. Nimefurahi sana. Maiti hapigi teke.

Jumamosi, 9 Machi

IMEWAKA! Kiki ya tano, nikiwa nimechoka na kuikanyaga kilegevu. Moshi, kelele, kuku kakimbia. Nimelia kidogo.

Sikio kapanda juu ya ndoo ukutani akipiga kelele: mzee, zima, hiyo inazunguka kinyume! Eti anasikia. Wivu ni ugonjwa mbaya. Nimezima, lakini kwa hiari yangu, baada ya kuhesabu hadi kumi. Sikuipanda. Heshima ya kwanza ni ya Dada. Alikuwa akipakiwa na Baba tangu mdogo.

Nimemwombea Sikio.

Jumapili, 10 Machi

Siwezi kukaa vizuri. Naandika nimesimama.

Dada kafika na vazi la ibada na kitambaa cha kichwa cha samawati. Nikapiga kiki kilegevu, kama jana. Ikawaka! Dada kaweka mkono juu ya tangi. Nikamkaribisha. Kapanda nyuma, kanishika kiunoni. Mama watoto kasimama mlangoni. Ukutani Sikio anapunga mikono yote miwili. Nikampungia. Nikatia gia ya kwanza, nikatazama lango mbele yangu, nikaachia klachi.

Lango likaanza kuniacha.

Tulikwenda kinyumenyume, kwa kasi nzuri tu, mpaka kwenye kamba ya nguo. Dada ndiye aliyetangulia. Shuka tatu zikatufunika, kamba ikakatika, injini ikazima. Nikajua pikipiki imekwenda kwa Dada. Kisha nikasikia ndani ya shuka Dada anacheka. Anacheka mpaka anakosa pumzi! Sijamsikia hivyo tangu mazishi. Kasema, mdogo wangu, miaka yote ile Baba hakuwahi kunipeleka huku.

Nikamkumbusha kwamba tulipatana iwake, na imewaka. Kasema ibaki, ila kwa sharti moja: Sikio aitengeneze.

Kaja na saa yake. Kainama. Dakika tisa. Kanieleza kwamba kioo hugeuza: mshale ulielekea kulia. Injini hii haijali, ikipata cheche ya kinyume inazunguka kinyume kwa furaha ile ile. Yaani kazi yangu ilikuwa sahihi kabisa, kwa safari ya kurudi. Sikio kasema hivyo kwa upole, na hata Dada kakubali.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempakia mama watoto hadi kazini. Mbele! Kama malkia. Wenzake wametoka kumwona. Asante Mungu.

Jumatano, 13 Machi

Jana nilisikia kama inakohoa kidogo kwenye kona. Sikio kasema hasikii kitu. Labda masikio yamechoka. Nadhani kaacha milimita mbili kasoro kidogo. Simlaumu, kafanya haraka.

Nimetafakari sana kosa langu, na nimeliona. Kioo kimoja hugeuza. Cha pili, basi, kitanyoosha.

Nimeegemeza cha mama watoto kwenye tofali, na kile cha kunyolea mkabala nacho. Mshale unaonekana vizuri sana. Sahani tayari nimeilegeza.

Mama watoto kapita na mkoba wake. Kauliza kama niliiwekea alama.

Kaenda kwa miguu. Nimemwambia asitembee haraka, nitamkuta njiani.