Sukari Guru Kwenye Pikapu ya Baba

Jumatatu, 20 Aprili 1936
Sijamwambia mtu: nataka kuwa fundi wa magari. Mama hajui. Nimemaliza shule juzi tu, naye ameshapanga niende Mumias kwa Shangazi, nikashone kofia. Kofia! Lakini leo Baba amenipa nafasi moja. Pikapu kuukuu aliyoinunua Muhoroni inavuja kila mahali bati linapokutana na bati. Nizibe maungio yote. Mvua ya Jumamosi ikiingia ndani, Mumias. Isipoingia, nabaki hapa kwenye gereji yake. Nilijibu ndiyo nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Jumanne, 21 Aprili
Balaa! Nimesahau kufunika kopo la puti la Bwana Satwant, mshirika wa Baba. Puti yote ya kuzibia nyufa imekauka kama jiwe. Kumwambia siwezi, akinisalimia tu nasahau jina langu. Ila binamu yangu Hassan hujisifu kwamba Babu alijenga tangi la msikiti kwa chokaa na sukari guru, na halijavuja hadi leo. Nimekwenda dukani kwa Kantaben. Akauliza sukari guru yote hiyo ya nini. Nikasema chai. "Chai ya nani, ya jeshi?"

Jumatano, 22 Aprili
Nimeziba kila ufa kwa chokaa na sukari guru. Hata vitundu vidogo chini ya milango, ambavyo aliyeunda gari alivisahau. Mzembe! Kisha rangi juu. Baba amepitisha kidole gumba, akauliza huu ni mkono wa nani. Nusura nizimie kwa furaha! Hassan amenusa, akauliza kama tunapika halua.

Ijumaa, 24 Aprili
Sisimizi. Mstari mzima kutoka barabarani. Halafu nyuki! Bwana Satwant amejifungia chooni. Baba anasema miaka yote hii hakuna nyuki aliyewahi kuipenda kazi yake. Kantaben amepita, akautazama mlango wa gari, akanitazama mimi, akasema chai yangu imeiva.

Jumamosi, 25 Aprili
Mvua kubwa! Tumekaa ndani ya pikapu, Baba, Hassan na mimi, macho juu. Hakuna tone. Hata moja! Hassan akashuka, akaubamiza mlango. Kumbe ulikuwa umejaa maji. Yakaruka kwenye upenyo wa kioo, yakamwogesha, kanzu mpya na yote. Akalamba mdomo, akasema ni matamu. Baba amecheka hadi akakaa chini kwenye tope. Bwana Satwant akaeleza kwamba vile vitundu ndiyo njia ya maji kutokea. Baba analaumu rangi kwa utamu na nyuki, hainunui tena. Lakini ndani kulikuwa kukavu, na ahadi ni ahadi. Nabaki! Nabaki!

Jumapili, 26 Aprili
Nimezibua vitundu. Bwana Satwant amenipa kopo jipya la puti, akasema nilifunike. Nimelifunika vizuri sana, nikaliweka juu ya kabati. La nini? Chokaa yangu imeshinda mvua. Kosa lilikuwa utamu tu. Gari lijalo nitaichanganya na mafuta ya kamongo. Nyuki gani atafuata samaki? Paka wa gereji amekaa hapa akinitazama nikiandika, na hata yeye anaonekana kukubali.

Wewe unayesoma, tafadhali. Baba asijue.