Chef wa Nini?

Jumatatu, 9 Septemba

Seva imekwama tena mchana. Ofisi nzima tumekaa mikono mapajani. Papa Barthélemy, mkurugenzi wetu, ametangaza kwamba atakayegundua kinachoikwamisha atakuwa chef de service, yaani mkuu wa idara. Jibu Ijumaa. Hatimaye!

Mpinzani wangu ni mmoja, Fabiola. Ana tabia mbaya: anafikiri kabla ya kugusa kitu. Lakini mkosaji namjua tayari. Ni yeye, na ile programu yake ya kuhifadhi nakala. Kilichobaki ni ushahidi tu.

Jioni nimempigia maman, kijijini Nyangezi. Nimemwambia karibu nitakuwa chef. Nadhani mtandao umelimeza neno "karibu". Amepiga vigelegele, simu ikakatika.

Jumanne, 10 Septemba

Mpango! Kerneli, yaani kiini kinachotawala kila kitu ndani ya seva, inajua kufuatilia matukio. Programu ikigusa diski, kerneli inaona, kisha inachora histogramu: nguzo moja kwa kila programu. Anayegusa sana, nguzo yake ndefu. Mwezi uliopita nilijaribu kidogo, nikachoka. Sasa nitaipanua hasa. Ipime kila nusu sekunde na kuandika yote kwenye diski, Fabiola akose pa kujificha.

Nimeandika 0,5, kama masista walivyotufundisha. Balaa! Kwa kerneli koma ni mpaka kati ya namba mbili. Imesoma sifuri, halafu tano, ikaanza kupima bila kupumzika. Seva ikazimika. Papa Barthélemy ameuliza nani kafanya hivi. Nimemtazama Fabiola kwa huruma.

Fabiola ameniuliza ninafanya nini. Nimejibu kwa sauti kwamba ninafuatilia matukio. Ameniomba nipunguze sauti. Amesema katika mji huu mtu akitangaza hivyo, majirani wanafunga madirisha, wakidhani ni vita.

Jumatano, 11 Septemba

Koma nimeigeuza nukta. Inafanya kazi! Programu inahitaji jina, nami nimeiita kwa jina langu na cheo changu kijacho: destin-chef-de-service. Nizoee mapema.

Seva imekuwa nzito kuliko jana asubuhi. Vizuri sana, Fabiola anazidi kujichimbia kaburi. Yeye mwenyewe ameniuliza, kwa upole unaoudhi, kama chombo changu nacho hakiandiki kwenye diski. Nimecheka. Tangu lini homa ikatoka kwenye kipimajoto?

Maman amepiga. Parokia nzima inajua. Wanamwita Maman Chef. Ijumaa anakuja na jogoo wa kumshukuru Papa Barthélemy. Nimejaribu kumzuia. Amesema mutoto akipewa kazi, muzazi hawezi kwenda mikono mitupu. Nisipoupata u-chef huu, sijui maman atapitaje mbele ya kanisa.

Ijumaa, 13 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Wote ukumbini. Maman mstari wa mbele, kitenge kipya, jogoo ndani ya kikapu. Nimesema maneno mazito kuhusu uadilifu, nikimtazama Fabiola. Kisha nimefungua histogramu ukutani.

Nguzo ya Fabiola: kijiti. Pembeni yake nguzo nyingine imepanda mpaka dari. Na chini yake jina: destin-chef-de-

Basi. Kerneli hukata jina kwenye herufi ya kumi na tano. "Service" haikuingia, imebaki "chef wa" tupu.

Papa Barthélemy amelisoma polepole, kwa sauti. Amevua miwani. "Destin, chef ya nini?"

Jogoo amewika.

Fabiola ameeleza. Programu yangu inaandika kila anayegusa diski. Ikiandika, nayo inagusa diski. Basi inajiandika yenyewe, bila mwisho. Na lile jaribio la mwezi uliopita sikuwahi kulizima, nalo hujiwasha kila seva ikiwashwa. Ndilo lililokuwa likikwamisha seva muda wote huo. Amezima yote mawili. Seva imepumua. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Chef ni yeye.

Maman amesimama. Nilidhani anatoka. Amempelekea Fabiola jogoo kwa mikono miwili, akamwomba anichunge, kwamba mutoto huyu haiko mubaya, iko na haraka tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimemsindikiza kwenye gari la Nyangezi. Nimemwambia ukweli kuhusu lile neno "karibu". Amekaza kitenge chake. Kisha amesema parokiani atawaambia réseau, yaani mtandao, ilikata. Amepanda gari bila kikapu na bila jogoo. Nimelia pale pale, mbele ya wauza ndizi.

Jumatatu, 16 Septemba

Jana sikwenda misa. Nililala kifudifudi nikitafakari kosa langu. Leo nimeliona wazi kabisa.

Kosa ni la kerneli! Inakata majina. Jina langu lingetokea zima, Papa Barthélemy asingekuwa na swali la kuuliza. Kwa hiyo nitaipanua tena: jina lolote, la urefu wowote. Na ili nisidanganyike mara ya pili, nimeweka programu mpya inayofuatilia ile ya zamani. Nimeziwasha zote mbili wakati chef mpya amekwenda kula.

Nimempigia maman asiwaambie lolote parokiani kwanza. Ameuliza amtafute jogoo mwingine? Nimesema ndiyo.

Mchana seva imekwama. Nina hakika ni Fabiola.