Pipa Bado Linanguruma

Jumatatu, 3 Machi
Nimeichunguza nafsi yangu tangu asubuhi. Nimekuta diwani humo ndani. Mwanamke wa kwanza mjini kugeuza zabibu kuwa mvinyo atashindwaje na kata moja? Mpinzani wangu ni shangazi, diwani wa miaka nenda rudi. Nilikwenda kumtangazia vita. Ikabidi nianze na shikamoo, vita vikapoa. Akanimiminia chai, akasema nimekonda.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: nitauzindua mvinyo wangu wa kwanza Jumamosi, kwenye mkutano wa wagombea. Kila chupa ina picha yangu. Ninatazama mbali, kama mtu anayefikiri. Tatizo ni pipa, bado linachemka. Kaka alitega sikio, akasema chachu haijamaliza kazi, nikiufunga sasa chupa zitapasuka. Nikamjibu kwamba kampeni haisubiri chachu. Akasema haya, mheshimiwa. Nimeujaza kwenye chupa hivyo hivyo na kukaza vizibo kwa waya.

Jumamosi, 8 Machi
Chupa nilizificha chini ya jukwaa ili niwashangaze watu. Walishangaa. Jua kali mno. Nilikuwa ndiyo kwanza naeleza kwamba uongozi ni subira. Chupa ya kwanza ikalia. Kisha nyingine, kisha zote. Watu wakalala chini. Msimamizi wa uchaguzi akaruka ua. Mvinyo ulipanda katikati ya mbao ukamlowesha shangazi, gauni jeupe likawa jekundu hadi kiunoni. Hakutikisika. Alichukua kipaza sauti, akawaambia watulie, si bomu, ni mtoto wa kaka yake. Walishangilia sana. Hawakunishangilia mimi.

Jumapili, 16 Machi
Shangazi ameshinda. Nilimuuliza mama alimpigia nani kura. Akasema kura ni siri, akaniongezea nyama.

Jumatano, 19 Machi
Shangazi amekuja mwenyewe. Anataka mvinyo wangu kwenye sherehe yake ya ushindi, mbele ya wakubwa wote. Hii ndiyo nafasi ya kusafisha jina. Akasisitiza niuache utulie kwanza, sherehe ataisogeza hata mwezi mzima. Nilikataa katakata, nisije nikaonekana sijiwezi. Ni keshokutwa. Pipa jipya linanguruma vizuri. Kaka ametega sikio, ameondoka.

Nimetafakari kwa kina kosa la mara ile. Waya ulikuwa mwembamba.