Wimbo wa Sushi ya Nusu Bei

Jumatatu, 2 Desemba

Nyimbo thelathini na tisa tayari. Imebaki nafasi moja tu kwenye mashine mpya ya mchezo wa dansi, ile ya kukanyaga vigae kwa kufuata muziki, na bosi Iwaki ametangaza mbele ya watu wote: atakayeijaza ndiye atakayebaki idara ya nyimbo. Mwingine, kuanzia Januari, anahamia karakana ya Kumagaya kubadilisha vigae vilivyopasuliwa na miguu ya wachezaji. Idara ina watu wawili. Mimi Kuwabara, miaka kumi na moja kazini. Na Nagatomo, miaka miwili. Kumagaya! Kiangazi kule, kwa joto, hata paka hatoki nje.

Nagatomo ana wimbo wa kundi la wasichana tisa. Nchi nzima inauimba. Mawakala wao wameshamruhusu autumie, tena kwa furaha. Huniita kaka, kwa sauti tamu ya dharau. Leo kaniuliza, "Kaka, na wewe wimbo wako uko wapi, au bado unaurudisha nyuma kwenye kaseti?" Nikacheka. Ndani nachemka.

Hajui nina siri. Kuna wimbo hupigwa dukani Hoshimatsu, hapa Kawaguchi, kila jioni ninapopita kutafuta chakula. Kinanda cha umeme, hauna maneno. Unaanza tu, na yule mhudumu anatokea na vibandiko vyekundu vya nusu bei, anabandika sushi moja moja. Moyo unaruka! Mate yanajaa! Vidole vinapiga ngoma kwenye kikapu. Wimbo gani mwingine unamfanyia mtu hivyo? Na nani aliutunga? Miaka kumi na moja nausikia, sijawahi kujua. Swali hilo linaniwasha kuliko hata Kumagaya.

Jumanne, 3 Desemba

Dukani mchana. Mara yangu ya kwanza mchana. Taa zile zile, samaki ghali. Nikamuuliza binti wa malipo nani katunga wimbo ule. Akasema, "Upi? Ule wa kila siku? Si umekuwepo tu?" Muuza samaki hajui. Mama wa maandazi hajui. Ajabu! Watu wanaishi na kitu miaka yote na hawajiulizi kilitoka wapi.

Nikaomba kumwona meneja, Bwana Odagiri. Nilikwenda na boksi la keki, maana mtu mwenye adabu haendi kuomba mikono mitupu. Bwana Odagiri hakulitazama boksi. Aliutazama mfuko. Mfuko ulikuwa wa duka la ng'ambo ya barabara, mahasimu wao. Akaniambia kwa upole mkubwa kwamba leo ana shughuli kidogo. Kwetu upole wa namna ile ni mlango uliotiwa komeo.

Jumatano, 4 Desemba

Kosa la boksi huombewa radhi kwa boksi. Safari hii nimenunua humo humo dukani, nikapitia mbele ya ofisi yake mfuko ukionekana vizuri. Nikainama mpaka nikaona kamba za viatu vyangu. Bwana Odagiri akalainika.

Akapiga simu makao makuu. Rekodi ni mali yao na wamekubali niitumie, ingawa yule wa upande wa pili aliuliza mara tatu, "Ule? Kwenye mchezo?" Hajui sanaa. Lakini rekodi ni ruhusa moja. Wimbo wenyewe ni ruhusa nyingine, na hiyo ni ya mtunzi. Nagatomo ana mawakala wa kumhangaikia huku na huku. Mimi nina miguu. Na sasa, kutoka makao makuu, nina jina: Bibi Tsurumaki, miaka themanini na moja, yuko Warabi. Zamani alikuwa akipiga kinanda juu ya paa la duka, watoto wakibebwa na wanyama wa umeme wa kuchezea. Sikulala vizuri kwa hamu ya kumwona.

Alhamisi, 5 Desemba

Bibi Tsurumaki! Mdogo, mkali wa macho, kanikaribisha niingize miguu chini ya meza yenye hita, akanimiminia chai na kunisukumia machungwa. Nikamuuliza wimbo ulizaliwaje. Akaeleza kwamba mwenye duka wa kwanza alikuwa mtu mpole, alishindwa kuwaambia wateja waende zao. Basi akamwomba Bibi muziki wa kumnyanyua mtu kwapani bila kumgusa. Bibi akaujaribu kwa mumewe mara kumi na sita, mume hasikii wala haoni. Mara ya kumi na saba mume akaacha wali katikati, akasimama, akavaa viatu.

Hadithi nzuri sana. Niliitikia kila sentensi, ila kwa kweli nilikuwa nautafuta kwa macho muhuri wake, ambao kwetu ndio sahihi ya mtu. Akaniuliza, "Kijana, una hakika ni huo? Ninayo mingine, ya kuchezea hasa." Wasanii wakubwa hujidharau. Nikamwambia ni huo huo. Akagonga muhuri. Kisha akanishika mkono, akasema miaka arobaini na sita hakuna mtu aliyewahi kuuliza nani kautunga. Nilitaka kulia. Nikaona haya, nikala chungwa.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo akili yangu imefanya kazi. Kesho nyimbo zote mbili zinajaribiwa mbele ya wachezaji, na bosi ameuliza tuzijaribu jumba gani la michezo. Nagatomo akasema Akihabara. Mimi nikasema Kawaguchi, lile la karibu na stesheni, maana tuwafikirie watu wa kawaida. Bosi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kumbe yeye mwenyewe kazaliwa Kawaguchi.

Sikusema kwamba jumba hilo limepakana ukuta na Hoshimatsu. Watu wa pale wameusikia wimbo wangu tangu wakibebwa mgongoni. Miguu yao itaujua yenyewe! Nagatomo akaniuliza mbona natabasamu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mshindo umekuja.

Saa nane mchana, jumba limejaa. Wimbo wa Nagatomo ukatangulia. Foleni, vigelegele, jasho. Nikamwonea huruma kwa yatakayomfika. Ukaingia wangu.

Mwanafunzi aliyekuwa juu ya vigae alikanyaga mara nne. Akasita. Akatazama saa, akachukua begi lake. Wapenzi wawili waliokuwa wakivua dubu mwanasesere kwenye mashine ya mkono wa chuma walimwacha dubu ananing'inia hewani. Mzee mmoja akakusanya sarafu zake. Mama akaita watoto, "Haya, haya, viatu, wanafunga!" Wakatoka wote. Bila kusukumana! Kila mmoja anawainamia wahudumu na kushukuru. Mhudumu naye akaanza kuteremsha pazia la chuma.

Bosi Iwaki tulimkuta barabarani, koti limefungwa mpaka kidevuni. Hakumbuki alifikaje.

Nagatomo alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akaniuliza, taratibu, kama kwa mgonjwa, "Kaka, kwani kabla ya wiki hii hujawahi kuingia duka lile mapema, hata mara moja?" Nikamwambia mapema sushi ni bei kamili.

Jumapili, 8 Desemba

Nimekwenda Warabi kumwomba Bibi Tsurumaki radhi. Njiani niliwaza nimemwaibisha mzee wa watu. Nikamweleza kila kitu, mpaka koti la bosi. Akauliza, "Wote?" Wote, Bibi. "Kwa muda gani?" Dakika haikutimia.

Akapiga makofi kama mtoto! Akaagiza mlo wa samaki mkunga kwa watu wawili. Kumbe, ukiacha mumewe, hajawahi kuuona wimbo wake ukimtoa mtu. Siku zote alikuwa kwenye kinanda, mgongo kwa wateja. Akanitaka nisimulie tena, na tena, hasa yule dubu. Mtu mmoja angalau amefurahi. Mimi hapana.

Jumatatu, 9 Desemba

Nafasi ni ya Nagatomo. Orodha itagongwa muhuri Ijumaa. Kaniletea kopo la chai ya moto, akaniambia karakana ya Kumagaya ina jiko zuri. Nimekunywa. Chai yenyewe tamu, inaudhi.

Jumanne, 10 Desemba

Nimelichunguza kosa langu pande zote, na nimeligundua. Mwelekeo! Wimbo ule unawatoa watu. Kinachotakiwa ni wimbo unaowavuta.

Na asubuhi hii, nikiwa bado na mswaki mdomoni, nimeusikia. Lori la mafuta ya taa, yale ya hita za majumbani, limepita mtaani na muziki wake wa kipaza sauti. Milango ikafunguka mtaa mzima! Watu mbio nje, madumu mekundu mkononi. Mama Hirose na kandambili moja. Mzee Sakuma, ambaye goti halimruhusu hata kupanda ngazi, kawapita wote. Wimbo gani wa wasichana tisa umewahi kumkimbiza Mzee Sakuma? Na nani aliutunga? Nimemfukuzia dereva mpaka kona. Hajui. Hajawahi kujiuliza!

Boksi la keki nimeshanunua. Bosi nimemsihi mpaka kakubali jaribio moja la mwisho, Alhamisi, jumba lile lile. Nimechagua Alhamisi makusudi: redio inasema itakuwa siku ya baridi kali kuliko zote, kwa hiyo ndani kutajaa. Nimemwahidi kwamba muziki ukianza tu, hakuna mguu utakaotulia.