Tajiri wa Samaki wa Bel-Air

Jumatatu, 3 Machi 2025
Profesa Hatim amefika chuoni kutoka Misri. Ijumaa atachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda Kairo mwaka mzima. Mmoja! Darasa letu la Kiarabu lina watu sita. Wanne hawahesabiki. Anabaki Abigaël, ambaye tangu Oktoba anachora alif na ba kama mtoto wa chekechea. Masikini! Kitabu, kalamu, sukari, samaki: yote Kiarabu. Nani akeshe na kamusi kwa lugha aliyoinyonya kwa mama?

Jumanne, 4 Machi
Mtihani wa kuongea. Abigaël aliongea dakika kumi, akikwaruza koo kama aliyekwamwa na mwiba. Aibu tupu. Mimi nikaulizwa baba anafanya kazi gani. Baba amestaafu reli, lakini nani apeleke Kairo mtoto wa reli? Nikajibu kwa madaha: "Tajiri!" Profesa akafurahi. Akauliza jambo jingine. Sikuelewa, nikatupa neno lililokuwa karibu: "Samaki!" Akanishika mkono. Ushindi!

Jumatano, 5 Machi
Abigaël, kwa wivu, ameniambia eti kwa Kiarabu tajiri ni mfanyabiashara tu. Profesa anaamini baba anauza samaki. Tena ana hamu nao, kesho anataka apelekwe anakouzia. Niseme ukweli? Upuuzi! Shangazi yangu, Tantine Julienne, ana meza ya samaki wakavu sokoni Bel-Air. Nimembembeleza baba avae koti akae pale. Amekubali, shingo upande.

Alhamisi, 6 Machi
Baba alikaa kifalme. Profesa akauliza bei, Abigaël akatafsiri. Nani alimwalika? Baba akababaika, akamgeukia Tantine. Tantine akalipuka mbele ya soko zima: "Paulin! Tangu lini samaki yangu iko ya baba yako? Huyu hata chumvi hajauzishaka!" Abigaël akatafsiri yote. Hata chumvi! Profesa alicheka mpaka machozi, akanunua watano. Baba alivua koti, akarudi nyumbani peke yake.

Ijumaa, 7 Machi
Abigaël anaenda Kairo. Mimi nimepata alama nne juu ya ishirini. Profesa aliniambia taratibu, kwa Kifaransa, kwamba nikianza leo na alfabeti, mwakani naweza kujaribu tena. Nilimhurumia. Profesa mzima, na hajui tajiri ni nani! Waarabu wamechukua maneno yetu wakayaharibu. Mchana nimejiandikisha Kichina. Migodi imejaa Wachina, wanahitaji wakalimani. Somo la kwanza ni Jumatatu. Sitahudhuria. Neno chai limetoka kwao, nami nalitamka vizuri kabisa.