Thierry na Daraja Lenye Paa

"Mtaa mzima huu wa Yeoville hakuna msomaji wa habari anayenishinda," alitangaza Bibi Zubeda, ambaye kijiweni wanamwita Redio. "Maneno ananisomea Victorine, lakini picha naziangalia mwenyewe."

Akamsogezea Victorine simu usoni, maana mikono ya msusi huyo ilikuwa imezama kwenye nywele za Keziah. Victorine akasoma: huko Uswisi daraja la mbao lenye paa limetimiza miaka mia mbili.

"Daraja na paa?" akauliza Keziah. "Kwani nani analala hapo?"

Thierry seremala, Mzungu wa Bukavu kwa jina la kijiweni, akakaa sawa kwenye benchi. Tangu asubuhi alikuwa akimvizia Keziah, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani, anayetafuta fundi wa kujenga kivuko juu ya mtaro.

"Ile daraja naijua, mama. Nilitumika pale miaka mbili."

"Juzi ulituambia ulifanya kazi kwenye meli," akasema Victorine.

"Meli ilikuja nyuma."

"Ulimi hauna mfupa," akaguna Victorine.

"Si unieleze basi," akasema Keziah, "paa ni ya nini?"

"Watu wasilowe."

Victorine akachungulia simu. "Wameandika ni ya kukinga mbao zisioze. Mtu akilowa atakauka."

"Njo nilikuwa nafika huko. Watu kwanza, mbao nyuma."

Keziah akacheka. "Wacha bana. Kama kweli ulitengeneza daraja ya miaka mia mbili, mtaro wetu ni nini? Jumapili nakutaja kwa kamati."

Thierry akakunja nne.

Zubeda akairudisha simu mapajani, akaikazia macho ile picha. Sauti yake ikawa asali. "Mwanangu, nakuonea huruma. Zile nguzo sita za katikati ya mto zilivyooza, mlizibadilishaje?"

"Mama, ile ilikuwa mateso. Niliingia mwenyewe mu maji, baridi mpaka hapa." Akagusa kifua. "Tano zilikuwa sharp, bila shida. Ya sita njo ilinitesa. Niliikumbatia siku muzima."

Zubeda akampa Keziah simu. Pichani daraja lilikuwa limeruka mto mzima, ukingo hadi ukingo, mbao zake zimefungwa pembetatu pembetatu zikibebana zenyewe, na chini yake maji matupu.

Keziah akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaikuza tena.

"Eish. Kaka Thierry," akasema, "hiyo ya sita uliikumbatia wapi?"